HOSPITALI YA AGA KHAN, NAIROBI: ASILI YAKE NA KUKUA KWAKE
(Hotuba iliyosomwa na Karani wa Chama katika Mkutano Mkuu wa Mwaka)



Kamati imeniagiza niseme machache juu ya hospitali ambayo wengi wetu huipita kule Parklands, tukaitazama kwa nje tu. Nimekubali kwa furaha, kwa kuwa asili yake ina fundisho kwa chama kidogo kama hiki chetu.

Zamani za ukoloni, watu wa Nairobi walitengwa kwa rangi hata katika ugonjwa. Hospitali ya Wazungu iliyofunguliwa mwaka 1954, ambayo leo huitwa Nairobi Hospital, haikuwafungulia watu wa rangi zote mpaka mwaka 1961. Waafrika walikwenda King George VI, ambayo baada ya uhuru ilipewa jina la Kenyatta.

Katika miaka hiyo hiyo Waismailia waliadhimisha miaka 70 ya uimamu wa Sultan Mahomed Shah, Aga Khan wa Tatu. Ukumbusho mmoja wa jubilii hiyo ukawa hospitali. Yeye mwenyewe alifariki mwaka 1957, asijaliwe kuiona ikifunguliwa mwaka 1958. Tangu mwanzo ilipokea wagonjwa wa kila rangi na kila dini, na jambo hilo halikuwa dogo katika mji wa siku zile.

Haikubaki kama ilivyozaliwa. Mwaka 2005 ikawa hospitali ya mafunzo ya Chuo Kikuu cha Aga Khan, na madaktari wakaja kuongeza ujuzi wao humo. Mwaka 2011 ikafunguliwa sehemu ya maradhi ya moyo na saratani. Mwaka 2013 ikapata hati ya kimataifa ya ubora wa matibabu iitwayo JCI.

Mabibi na mabwana, mlango wa rangi ulikwisha kufunguliwa. Umebaki mlango wa fedha, nao hauna bawabu wa kubembelezwa. Mnakumbuka mke wa mwenzetu mmoja, aliyefikishwa usiku katika hospitali fulani ya mji huu, akatakiwa amana kabla ya kulazwa. Sanduku la chama lilikuwa tupu. Ni mimi niliyezunguka na daftari nyumba kwa nyumba siku mbili nzima. Fedha zilitimia, naye alipona, lakini maumivu ya siku mbili zile hayarudishiki.

Wako watakaosema kwamba Serikali inayo bima yake. Ni kweli: mfuko wa taifa ulianzishwa mwaka 1966, na mnamo Oktoba 2024 mahali pake pakachukuliwa na Mamlaka ya Afya ya Jamii. Kila mmoja wetu na ajiandikishe huko bila kukawia. Hata hivyo, usiku wa dharura hungojea fedha iliyo karibu.

Kwa hiyo naleta ombi mbele yenu: kila mwanachama atoe shilingi 100 kila mwezi katika Sanduku la Wagonjwa, hesabu yake isomwe hadharani kila robo mwaka, wala fedha hizo zisiguswe kwa karamu wala kwa safari. Hatutajenga hospitali. Tutamfikisha mgonjwa wetu kitandani kwa wakati. Kidole kimoja hakivunji chawa.