Ukienda Ng'ambo, Beba Swali la Nyumbani

Hotuba ya Afisa wa Mawasiliano wa Kaunti kwa wahandisi vijana na wakazi, mjini Wote



Mimi si injinia. Nilisomea uandishi wa habari. Nimeombwa niwape neno vijana wetu wanaojiandaa kwenda kwenye kongamano la kimataifa la wahandisi chipukizi. Nitaanza na aibu yangu mwenyewe.

Miaka michache iliyopita nilialikwa kwenye mkutano nje ya nchi nieleze kuhusu mabwawa ya mchanga ya Makueni na Kitui. Nilibeba picha nzuri: ukuta mpya, utepe, viongozi wakitabasamu. Nikaeleza jinsi ukuta unavyojengwa juu ya mwamba katika mto wa msimu, jinsi mafuriko yanavyoleta mchanga nyuma yake, na jinsi maji yanavyokaa kati ya chembe za mchanga huo, yakiwa robo ya ujazo wake au zaidi, mbali na jua na mbu. Watu wakapiga makofi.

Kisha injinia mmoja kijana, dada kutoka nchi kame kama kwetu, akauliza: "Ni yapi yameshindwa, na kwa nini?"

Nilinyamaza. Sikuwa nimerudi kwenye ukuta hata mmoja baada ya siku ya kuufungua.

Nilipofika nyumbani nilishuka mtoni pamoja na mama mmoja wa kamati ya maji. Alinionyesha ukuta uliojengwa hadi juu kwa mara moja. Maji ya mafuriko yalitulia nyuma yake, matope laini yakazama, na matope hayaachilii maji. Mbele kidogo kulikuwa na ukuta ulioinuliwa kwa hatua, msimu baada ya msimu. Pale matope yalipita juu na mchanga mzito ukabaki. Ilikuwa Agosti, na watu walikuwa wakichota. Chini zaidi, malori yalikuwa yamezoa mchanga wote. Mama akaniambia, "Mwanangu, mchanga ndio tangi letu. Anayeuza mchanga ameuza tangi."

Jibu nililokosa ng'ambo lilikuwa kwake.

Vijana, ujuzi huu ni wetu. Kikundi cha Utooni, hapo jirani Machakos, kilianza kazi mwaka wa 1978. Kule Kitui, shirika la SASOL na wanakijiji wamejenga mamia ya mabwawa haya. Wananchi walibeba mawe kwa mwethya, kama babu na nyanya zao walivyolima pamoja. Na Makueni ilipitisha sheria ya kuhifadhi mchanga mwaka wa 2015, kwa sababu tuliona mito ikifa.

Kwa hiyo nina maombi matatu.

Kwanza, kabla ya kuondoka, nendeni mtoni mwezi wa Septemba, kabla ya mvua za Oktoba. Pimeni kina cha maji mchangani. Ulizeni kamati ni mwezi gani kisima hukauka, na ni nani hutengeneza pampu ikiharibika.

Pili, mkisimama jukwaani, elezeni yaliyofaulu na yaliyoshindwa. Mhandisi mwenzako wa nchi nyingine hatajenga kwa picha ya utepe. Atajenga vizuri akijua ukuta wako ulijaa matope kwa sababu gani. Naye muulizeni vivyo hivyo.

Tatu, mkirudi, msije kwetu na begi la kongamano na picha za uwanja wa ndege tu. Njooni kwenye baraza la kijiji kile kile mlikopima. Waambieni wazee na akina mama, kwa lugha wanayoielewa, mlichojifunza na kitakachobadilika. Ikiwa nauli imetoka kwenye pesa za umma, hilo ni deni.

Kuna mama ambaye bado anaamka saa kumi alfajiri kufuata punda na mitungi. Hatajua jina la kongamano lenu. Atajua tu kama mwaka ujao, mwezi wa Septemba, maji yatakuwa karibu na mlango wake.

Nendeni salama, mrudi mtoni.