Mvua ya Mawe Wakati wa Masika

Hotuba hii ilitolewa mbele ya wakulima wa Molo na Elburgon na mtu aliyefanya kazi ya kilimo katika nchi ya Mau kwa miaka mingi. Tunaichapa kama alivyoisema.



Najua kwamba huu ni wakati wa palizi, na kila saa mtu akaayo hapa ni saa aliyoikopa shambani mwake. Kwa hiyo nitajitahidi kusema yale yaliyo ya lazima.

Barua mliyoniletea ilinitaka niwaeleze habari za "theluji inayoanguka katika mashamba yetu." Nilipoisoma nilitabasamu, kisha nikaona kwamba aliyeiandika hakukosa sana. Mtu akitoka nyumbani saa kumi alasiri na kuliona shamba lake la viazi limekuwa jeupe kama shuka, ataliitaje jambo hilo? Neno hili limewasumbua watu tangu zamani. Tarehe 11 Mei 1848 mmisionari Mjerumani, Johannes Rebmann, aliona weupe juu ya kilele cha Kilimanjaro, na alipomwuliza kiongozi wake wa safari ni kitu gani, huyo alikiita "beredi" tu, yaani baridi. Rebmann alipoandika kwamba ni theluji, wataalamu fulani waliokuwa wamekaa vitini mwao huko Ulaya walikataa katakata, wakisema haiwezekani theluji kukaa karibu na Ikweta. Basi wakati ule ilikuwa theluji ya kweli, na wenye elimu wakakana.

Miaka 160 baadaye mambo yalikuwa kinyume. Mwezi wa Septemba 2008, katika kijiji cha Busara karibu na Nyahururu, mlima mzima uligeuka mweupe. Watu walitoka kwa wingi kutazama, watoto wakachezea barafu kwa mikono, na habari zikaenea hata ng'ambo kwamba theluji imeanguka Kenya. Wataalamu wa Idara ya Hali ya Hewa walipoulizwa walieleza kwamba haikuwa theluji. Ilikuwa mvua ya mawe, ambayo chembe zake zilianguka nyingi mno mahali penye baridi, zikagandamana zikawa kama bamba moja. Theluji ya kweli tunayo nchini, lakini iko juu ya Mlima Kenya, wenye kimo cha mita 5,199, wala haishuki mpaka kwenye viazi vyetu.

Labda mtu atauliza, ikiwa ni theluji au ni mawe, kuna faida gani kujua? Shamba si limeharibika vilevile? Faida iko, nami nitaifikia. Kwanza yafaa tujue mawe haya yatoka wapi.

Jua la asubuhi hulipasha joto bonde letu, na hewa yenye joto hupanda juu. Mchana pepo zitokazo upande wa Ziwa Viktoria hukutana na pepo za mashariki juu ya nchi hizi za milima, nazo hazina njia ila kupanda. Ndiyo sababu mvua ya mawe huku kwetu kwa kawaida huja alasiri, si alfajiri. Wingu hukua kama mnara mpaka kupita mita 10,000. Ndani yake kuna matone ya maji yaliyo baridi kuliko barafu, na bado hayajaganda, maana tone la maji lililo angani laweza kukaa hivyo mpaka liguse kitu fulani, kama chembe ya vumbi au ya barafu. Likigusa, huganda mara moja. Chembe hiyo hubebwa na hewa ipandayo, hujivika maji mengine yakaganda juu yake, na hivyo hukua. Ukiokota jiwe kubwa la barafu ukalipasua mara nyingi utaona tabaka kama za kitunguu. Linapokuwa zito hata hewa haiwezi kulibeba tena, huanguka.

Sasa angalieni jambo hili. Hapa karibu na Ikweta maji huganda hewani penye kimo cha mita 4,800 hivi. Jiwe likianguka kuelekea Mombasa lina safari ya mita 4,800 katika hewa ya joto, na mara nyingi hufika chini likiwa maji matupu. Likianguka Nakuru mjini, penye kimo cha mita 1,850, safari yake ni mita 3,000 hivi. Na likianguka hapa Molo, penye kimo cha mita 2,500 hivi, limebakiwa na mita 2,300 tu. Halipati nafasi ya kuyeyuka. Baridi ileile inayotupa pareto nzuri, kondoo wanono na viazi vya kuuza Nairobi ndiyo inayotufikishia mawe yakiwa mazima.

Wala msidhani kwamba sisi ndio tumezidiwa. Jirani zetu wa Kericho na Nandi Hills wamejulikana ulimwenguni kote kwa jambo hili. Katika miaka ya 1960 walirusha roketi zenye baruti kuyapasua mawingu juu ya mashamba ya chai, na baadaye wakatumia ndege zilizomwaga dawa yenye madini ya fedha ndani ya mawingu. Wataalamu wamebishana tangu wakati ule kama kazi hiyo ilifaa kitu. Mwaka 1982 wataalamu wengine waliandika kwamba majani ya chai yaliyooza chini ya miti yana chembe ziwezazo kuanzisha barafu, na kwamba huenda vumbi lake hupanda mpaka mawinguni. Kwangu mimi habari hii ni ya ajabu kuliko zote, ya kwamba shamba lenyewe huenda linasaidia kutengeneza mawe yanayolipiga. Lakini sisi hatuna roketi wala ndege, basi tuiache.

Kabla ya kuingia shambani nina neno moja zito. Mawe huanguka kwa mstari mwembamba, kwa sababu ni sehemu ndogo tu ya wingu inayoyamwaga huku wingu lenyewe likitembea. Kwa hiyo shamba lako laweza kuangamia na la jirani ng'ambo ya ua lisiguswe jani. Nimepata kuona watu wakikosana miaka mingi kwa sababu hiyo, mmoja akimshuku mwenzake kwamba ana dawa. Jirani yako hana dawa. Yeye alikuwa nje ya mstari tu, na mwaka ujao huenda zamu ikawa yake.

Sasa nitasema habari ya nyumbani kwetu, ingawa si jambo la kujivunia. Nilikuwa darasa la sita. Baba alikuwa na ekari mbili za mahindi upande wa Elburgon, yameota vizuri, yana majani manne. Mvua ya mawe ilikuja siku ya Jumatano, ikapiga kwa muda mfupi kuliko huu niliosimama mbele yenu. Ilipokwisha hatukuona jani, tuliona vijiti tu. Mama alilia. Baba hakulia, ila siku ya tatu alikodi trekta akaligeuza shamba lote, akakopa fedha akanunua mbegu mara ya pili, akapanda. Kila mtu alimsifu kuwa ni mwanamume asiyekata tamaa.

Jirani yetu alikuwa mama mjane mwenye ekari moja, na mawe yalimpiga sawasawa na sisi. Yeye hakuwa na fedha ya trekta wala ya mbegu. Alikaa. Jumapili ya pili baada ya mvua, tulipokuwa tukienda kanisani, tuliona shamba lake lina rangi ya kijani. Mwisho wa mwaka alivuna magunia 15. Yetu yalichelewa, mvua zikapungua wakati yalipokuwa yakibeba, tukapata magunia 5 katika ekari mbili, na deni la mbegu likabaki palepale. Muhula wa tatu sikwenda shule. Baba aliishi miaka mingi baada ya hapo, na sikumsikia hata siku moja akilitaja jambo hilo.

Sababu yake ndiyo hii. Mahindi yakiwa machanga, mpaka yafikishe majani matano au sita yaliyokunjuka, moyo wa mmea, yaani mahali majani mapya yanapozaliwa, bado uko chini ya udongo. Mawe hukata majani, lakini moyo hayaufikii. Ngano na shayiri ni vivyo hivyo kabla hazijaanza kutoa vifundo. Baba aliua kwa plau mimea iliyokuwa hai.

Basi mawe yakipiga mahindi machanga, usifanye lolote kwa siku saba hata kumi. Najua ni vigumu. Kukaa bure ukitazama shamba lililoharibika ni kazi nzito kuliko kulima. Siku hizo zikiisha ingia shambani, si pembeni karibu na njia tu, bali ng'oa mashina machache hapa na pale, uyapasue kwa kisu toka juu mpaka mizizini. Moyo ukiwa mweupe na mgumu, mmea u hai. Ukiwa wa rangi ya udongo na laini kama ndizi iliyooza, umekufa. Hesabu walio hai na waliokufa, ndipo uamue. Ukiona majani mapya yamejifunga kama kamba, yaache, kwa kawaida hujifungua yenyewe. Wala usikimbilie kutia mbolea kabla hujaona majani mapya, maana mmea usio na majani hauwezi kuila.

Mahindi yaliyokwisha toa mbelewele hayana bahati hiyo. Yakichanwachanwa wakati huo hasara ni kubwa, na mara nyingine shauri jema ni kuyakata kuwa chakula cha ng'ombe yangali na maji. Kadhalika kabeji zilizopigwa hazitafunga vizuri, na mbaazi na njegere zilizo katika maua hupotea. Siwezi kuwadanganya juu ya hayo. Sukuma wiki huchipuka tena.

Viazi vyataka haraka, kinyume cha mahindi. Shina lililokatwa litachipua, lakini kila jeraha ni mlango wa ule ugonjwa unaoyafanya majani kuwa meusi na kunuka, ambao ninyi huuita blaiti, nao hupenda baridi na unyevu kama wa masika yetu. Mara majani yakikauka maji, piga dawa ya shaba au nyingine mliyozoea kwa ugonjwa huo, bila kungoja kuona doa. Kisha rudisha udongo juu ya matuta, kwa kuwa maji ya mawe hukokota udongo, na kiazi kilichoonwa na jua huwa kijani na chenye sumu.

Pareto haiuawi upesi. Maua yaliyopigwa yamekwisha, lakini kisiki ki hai, na baridi ndiyo rafiki yake. Usiing'oe.

Juu ya nyumba nitasema machache. Mawe yakirundikana chini ya ukuta wa udongo, yaondoeni kwa koleo jioni ileile, maana yakiyeyuka usiku maji huingia msingini na ukuta huanguka watu wamelala. Kondoo walionyolewa karibuni na wana-kondoo wa siku chache ndio hufa kwanza. Wakausheni kwa gunia, na mwana-kondoo apate maziwa ya mama yake kabla ya usiku. Na wingu likianza kunguruma, ondoeni mifugo chini ya mti mkubwa na mbali na ua wa waya. Watoto walio malishoni waitwe nyumbani mapema, wasingoje mawe ya kwanza. Ng'ombe waachwe ikiwa hapana budi.

Nimekuja na mashina manane ya mahindi kutoka shamba moja la huku Mau lililopigwa siku tisa zilizopita. Mwenyewe ameniruhusu kuyaleta, naye angali anangoja kuamua. Yapo pale mezani pamoja na visu viwili. Sitawaambia yapi yaliyo hai. Njoni kwa zamu, akina mama kwanza, kila mmoja apasue, kisha aseme angelilima shamba lile au angeliliacha.