Kusoma uchumi wa fedha: uliza programu mbele ya kulipa minerivali

Maneno kwa wafinalisti, wanafunzi wa mwaka wa kwanza na wazazi wao

 

Tangu matokeo ya egzeta yaanze kutoka, swali moja linarudi kila siku. Kijana anafika, anasema: "Mimi nataka kusoma mambo ya fedha, banki, uchumi. Wananiomba nini?" Na swali la pili linafuata hapo hapo: "Nilifanya pedagojia, watanikubali?" Tunajibu hadharani, juu kila mwaka kuna watu wanauza jibu hili kwa bei.

Kwa sheria, mlango ni diplome ya Leta. Ukiwa nayo, umefanya komersiali, mat-fizike, biyo-shimi, pedagojia ao latini-filo, unaweza kuomba nafasi kwenye fakulte ya uchumi na jesyo. Vyuo vingine vinaongeza jaribio la kuingia ao vinaomba asilimia fulani kwenye diplome. Hiyo ni haki yao, lakini masharti hayo lazima yabandikwe kwenye valvu, yasomwe na kila mtu. Sharti linalosemwa tu kwa sikio, nyuma ya mlango wa aparitora, hilo si sharti la chuo. Ni biashara ya mtu.

Jambo lingine la kujua: mara nyingi hapa kwetu huingii moja kwa moja kwenye "uchumi wa fedha". Unaingia fakulte, unasoma msingi pamoja na wengine, kisha unachagua tawi. Na matawi mawili yanachanganywa sana. Jesyo ya fedha inaangalia kampuni: itapata wapi makuta, itayaweka wapi, italipa deni namna gani. Uchumi wa fedha unaangalia nchi na soko: thamani ya franga, riba, banki kuu, juu ya nini bei zinapanda. Yanafanana kama ndugu wa baba mmoja, lakini si mtu mmoja. Ukiniuliza lipi ni bora, nitakuuliza wewe unapenda kushika daftari la kampuni ao kuelewa dola inafanya nini sokoni.

Sasa tuje kwenye sharti ambalo halibandikwi popote, na ndilo linalopeleka watu nyumbani. Ni hesabu.

Wengi wanakuja kwenye uchumi kwa kukimbia hesabu. Wanasema fizike ilinishinda, nitaenda uchumi, kule ni maneno. Wanafika, wiki ya kwanza wanakuta funksyo na derive. Semesta ya pili, matrisi. Kisha statistike na probabilite, na mwisho ekonometri ambayo inayakusanya yote. Aliyefanya komersiali anajua debe na kredi za daftari, hapo yuko mbele ya wenzake. Lakini kwenye derive, aliyefanya mat-fizike atamwacha mbali. Kila mmoja ana kipande chake cha kujaza. Yule wa pedagojia ana viwili, lakini anaweza, na nimeona waliofanya hivyo wakamaliza vizuri kuliko wale waliojiamini.

Juu ya nini wanaweka hesabu zote hizo? Tuchukue mfano wa mtaani. Mama anakopa dola 100 kwa watu wa Lambert, riba asilimia 10 kwa mwezi. Anahesabu kichwani: miezi 12 mara 10, ni 120, jumla nitalipa 220. Lakini kama halipi kitu na riba inazaa riba, mwezi wa kwanza deni ni 110, wa pili ni 121, mwezi wa nane limeshapita 200, na mwisho wa mwaka ni karibu dola 314. Kutoka 220 mpaka 314 kuna dola 94. Ni makuta ambayo mama hakuyaona, na aliyemkopesha aliyaona tangu siku ya kwanza. Tofauti kati yao wawili ni somo moja la hesabu ambalo finalisti yeyote hapa anaweza kulijua kwa saa mbili.

Chukua tena bei ya unga. Ikipanda, kila mtu ana sababu yake: dola imepanda, barabara imefungwa, mvua imechelewa, wafanyabiashara wamejipangia. Pengine zote ni kweli kwa pamoja. Swali ni kila moja inabeba sehemu gani. Ekonometri iko kwa kazi hiyo, na huwezi kuifanya bila matrisi. Bila hiyo tunabaki kwenye kelele, na serikali inachagua sababu inayoipendeza.

Nchi hii yenyewe ni laboratware. Oktoba 1993 walileta zaire mpya: moja ilichukua nafasi ya zaire za zamani milioni 3. Fikiria sufuri ngapi zilifutwa siku moja. Watu wa Kasai waliikataa. Wakaendelea na noti za zamani mpaka franga ilipokuja Juni 1998, na wakati huo tena zaire mpya 100,000 zilikuwa sawa na franga moja. Noti za Kasai hakuna aliyekuwa akiendelea kuzichapa, hivyo zilishika thamani kuliko zile mpya. Mama muuzaji wa Mbuji-Mayi hakuwa na diplome ya uchumi, lakini alielewa kwamba noti inayochapwa bila mwisho inakula jasho lake. Kwenye fakulte utajifunza kuandika jambo hilo hilo kwa ekwasyo, kulipima, na kumwonyesha minisitiri mahali hesabu yake imeharibika.

(Mzazi mmoja aliniuliza hapo mlangoni kama kweli mtoto atapata kazi, wakati nchi haina hata soko la hisa. Ni kweli, Kongo haina soko la hisa. Lakini ina banki, kopeki, shirika za simu zinazobeba makuta ya watu, ina AVEC karibu kila mtaa, ina bajeti za probensi ambazo karibu hakuna anayezisoma. Kazi iko. Kama italipwa vizuri, hilo ni vita lingine.)

Tuendelee. Umeingia. Wanakuomba nini ili utoke?

Sheria ya elimu ya Februari 2014 iliingiza mfumo wa LMD, na tangu mwaka wa masomo 2021-2022 ulianza kuenezwa nchini kote. Lisansi ni miaka 3, kredi 180. Masta ni miaka 2, kredi 120. Kila mwaka kredi 60, kila semesta 30. Hapa wengi wanadhani kredi ni alama. Hapana. Kredi ni kipimo cha kazi. Katika mfumo wa Ulaya ambao tuliiga, kredi moja ni kuanzia saa 25 za kazi yako: ndani ya sale, kwenye TP, na peke yako na kitabu. Fanya hesabu: kredi 60 mara saa 25 ni saa 1,500 kwa mwaka. Gawanya kwa wiki 30, unapata saa 50 kila wiki. Ukipumzika Jumapili, ni zaidi ya saa 8 kila siku.

Sasa niambie, kijana anayeendesha pikipiki mpaka saa mbili usiku ili alipe minerivali, saa hizo atazitoa wapi? Na chuo ambacho profesa anakuja siku 4 kwa mwezi kumaliza kozi mbio, hizo saa za chuo ziko wapi? Wanaimba LMD, lakini bibliyoteke imefungwa saa tisa na moto hakuna. Hatuwezi kudai mwanafunzi atoe saa 50 kama chuo hakitoi zake. Hii ndiyo sababu tunasema suala la kredi ni suala la raia, si la dekano peke yake.

Kwa hiyo mbele ya kulipa, nenda uombe programu ya miaka yote 3. Karatasi yenye majina ya kozi, kredi za kila kozi na semesta yake. Usiridhike na kartasi yenye picha nzuri ya jengo. Angalia kama kuna mikroekonomi na makroekonomi zaidi ya mwaka mmoja, hesabu angalau semesta mbili, statistike, ekonometri, mambo ya sarafu na banki, na kontabilite ya OHADA. Hiyo ya mwisho usiiache: Kongo iko ndani ya OHADA tangu Septemba 2012, na daftari za kampuni zinashikwa kwa mfumo wake. Kama tawi linajiita la fedha na halina ekonometri wala kozi ya banki, wanakuuzia jina. Kama hakuna staji wala kazi ya mwisho ya kuandika, uliza juu ya nini. Na kama aparitora wanakujibu "programu utaiona ukishajiandikisha", rudisha makuta mfukoni. Hata sokoni mtu anafungua gunia la maharagwe mbele ya kununua.

Uliza pia kuhusu silabusi. Kuna mahali mwanafunzi asiponunua silabusi ya profesa, alama zinapotea. Kununua kitabu si sharti la kupata kredi. Kozi unaifaulu kwa mtihani na kazi zako. Mkikuta hivyo, msiende mmoja mmoja kulia kwa asista. Andikeni barua, promosyo nzima, majina yote chini, nakala kwa dekano na kwa rekta, na mshike nakala yenye tarehe ya kupokelewa.

Neno kwa wazazi juu ya majina. Zamani mtoto alifanya graduwa miaka 3, kisha lisansi miaka 2. Mtu aliyeitwa lisansye alikuwa na miaka 5 ya chuo. Leo lisansi ya LMD ni miaka 3. Jina ni lile lile, njia si ile ile. Matangazo ya kazi yanaandika tu "lisansi", na mtoto wa L3 anakutana na lisansye wa zamani kwenye mlango mmoja. Kwenye maombi yako andika wazi: lisansi LMD, kredi 180. Shika releve ya kote ya kila mwaka, maana ukitaka masta kwingine wataangalia kozi ulizofanya na si jina la diplome tu. Usingoje miaka 3 ipite ndipo uombe karatasi ya mwaka wa kwanza. Ofisi zinahama, na siku hizi tunajua vita inaweza kufunga ofisi kwa usiku mmoja.

Kwa wale wanaofikiri kuvuka kwenda Uganda: kule masomo ni kwa Kiingereza, na diplome yako ya Leta lazima ipimwe na kulinganishwa na ya kwao mbele ya kukubaliwa. Kwa kozi za uchumi zenye hesabu nyingi, wanaangalia alama yako ya hesabu ya sekondari. Utaona kwamba tunarudi pale pale.

Wafinalisti, kutoka leo mpaka kufunguliwa kwa mwaka kuna wiki kadhaa. Wale wa pedagojia na latini-filo wabaki baada ya maswali tuandike majina: kuna wenzetu wa mat-fizike wamekubali kufundisha derive na probabilite bure, jioni. Muje na daftari na kalkileta. Wale wa komersiali muje pia, mtalipa kwa kuwafundisha wao kontabilite.

Sasa maswali. Tuanze na mama pale nyuma, ameinua mkono tangu nilipotaja Lambert.