Makala ya Bei Rahisi: Nani Analipa?



Makala ya msitu wa Virunga yanauzwa bei rahisi kwa sababu mchomaji hakulipia mti. Gharama tunalipa sisi: makundi yenye silaha yanatoza kodi, na mama zetu wanashambuliwa wakitafuta kuni. Lakini mkulima wa mradi wa Ecomakala, ulioanza mwaka 2007 Kivu ya Kaskazini, anapanda miti shambani mwake na kungoja miaka mingi. Bei hiyo inamshinda.

Tuanzie jikoni. Mbabula bora, yenye udongo ndani, inakula makala kidogo, ila kuinunua ni kazi. Basi tufanye likelemba: kila juma jamaa moja ipate yake. Fundi atapata soko, na safari za msituni zitapungua.