MBAO HUNYWA MAJI HATA IKISHAKUWA MLANGO
(Hotuba kwa vikundi vya kujisaidia, Kitui na Makueni)



Leo tuseme juu ya mbao. Shida hii mnaijua. Mlango umetiwa mwezi wa nane, wakati wa kiangazi, unaingia sawasawa. Mvua ya Novemba ikija, haufungiki. Fundi anaitwa, anaupiga randa. Jua la Februari likirudi, kuna mwanya wa kupitisha panya!

Sababu ni nini? Mbao, hata ikishakuwa mlango, meza au sakafu, huendelea kunywa unyevu wa hewa na kuutoa. Ikinywa huvimba, ikikauka hunywea. Urefu haubadiliki sana. Upana ndio unaobadilika. Rangi huchelewesha tu, haizuii kabisa.

Sisi tuna mukau, mti wetu wa sehemu kavu, na KEFRI pale Kitui wameushughulikia miaka mingi. Mbao yake ni nzuri, mchwa hawaipendi. Lakini mukau ukipasuliwa leo na kugongwa misumari kesho, utapinda. Wanunuzi watasema mukau ni mbaya, na kikundi kitapoteza soko.

Basi tufanyeje?

Kwanza, tukaushe. Panga mbao kivulini, juu ya mawe, na fito kati ya safu na safu ili upepo upite. Paka ncha rangi zisipasuke. Hii ni kazi ya miezi, sio siku. Pima kipande kimoja kwa mizani kila wiki. Uzito ukiacha kushuka, mbao iko tayari.

Pili, mlango upakwe rangi pande zote, hata juu na chini, mahali ambapo wengi husahau. Ukikwama wakati wa mvua, usikimbilie randa. Toa kidogo tu, kisha ngoja kiangazi.

Tatu, anayetia sakafu ya mbao ukumbini aache nafasi ya kama nusu inchi kando ya ukuta, aifunike kwa ubao mwembamba. Simiti mpya ya chini ikauke kabisa kwanza. Na jamani, sakafu hiyo isimwagiwe ndoo ya maji! Kitambaa kilichokamuliwa kinatosha.

Kwa mwethya tumejenga mabwawa ya mchanga, jiwe kwa jiwe. Mukau tumeungoja zaidi ya miaka kumi ukue. Tusishindwe kuungoja miezi michache ukauke.

Haya, nani ana swali?