Mkono Mtupu Haulambwi: Biashara na Michezo ya Mashinani



Mwaka wa 1978, marafiki wawili, Ben Cohen na Jerry Greenfield, walifungua duka la aiskrimu katika kituo kikuukuu cha petroli mjini Burlington, jimbo la Vermont, Marekani. Mtaji ulikuwa mdogo. Hata hivyo, msimu huo wa joto walionyesha umma filamu bila malipo kwenye ukuta wa jengo hilo. Duka lilipotimiza mwaka mmoja, waligawa aiskrimu bure, na jambo hilo likawa desturi. Mwaka wa 1985 ulianzishwa wakfu, uliotengewa asilimia 7.5 ya faida ya kampuni kabla ya kodi.

Funzo ni lipi? Hawakungoja watajirike ndipo wamkumbuke jirani.

Huku mashinani, timu hufika fainali na jezi za kuazima. Mchezaji akiumia, nauli ya hospitali huchangwa uwanjani. Muuza aiskrimu naye huuza kwa sababu kuna mechi. Timu ikivunjika, soko lake limevunjika.

Basi kila biashara itenge fungu mapema, hata la mpira mmoja, na iliandike kwenye bajeti. Mkono mtupu haulambwi.