Mali Bila Daftari Hupotea Bila Habari
Hotuba ya Mwenyekiti siku ya kutimiza miaka kumi ya kikundi

Kwanza tunamshukuru Mungu aliyetufikisha siku ya leo. Tuliowazika katika miaka hii kumi tunawakumbuka.

Mwaka 2015 tulikaa chini ya mwembe tukiwa wanawake 17. Tulikuwa na kikapu, daftari moja na kalamu moja. Kila mmoja alitoa shilingi 50. Kuna waliocheka, wakasema pesa za wanawake hazimalizi mwaka. Leo mweka hazina amesoma hesabu na mmepiga makofi, kwa hiyo hatutazirudia. Mambo ya matangi ya maji, mbuzi na karo mtayasoma katika kurasa nyingine za kijitabu hiki. Sisi tumechagua kuwaambia jambo moja ambalo halikutuletea faida hata ya senti, lakini wengi wetu tunaliona kubwa kuliko mikopo yote tuliyowahi kutoa. Wenyewe wameturuhusu kulisema bila kutaja majina.

Mwenzetu mmoja ana mama yake, ambaye sasa amepita miaka themanini. Mama huyo hakumjua baba yake. Alipokuwa bado ananyonya, baba alikuja likizo amevaa kaptula ya jeshi, akakaa siku chache, akarudi kazini. Hakuonekana tena. Vita vilikwisha mwaka 1945, wengine wa kijiji wakarudi na makoti yao na hadithi za Burma, yeye kimya. Barua kama iliandikwa, haikufika mikononi mwa mkewe. Basi maneno yakaanza. Watu wakasema ametoroka. Wakasema ameoa huko ng'ambo, ana watoto wengine. Mashamba yalipogawanywa, yule mama aliyeachwa alipewa kipande cha mawe, akaambiwa mumewe akirudi atakuja kudai chake. Alikufa akingoja. Na binti yake alikua akiitwa mtoto wa mtoro. Jamani, hilo si jina la kumpa mtoto.

Siku moja kwenye mkutano wetu, baada ya kukusanya pesa, mwenzetu akatueleza kwamba mamake ni mgonjwa na kila usiku anauliza, "Baba alikwenda wapi?" Tulinyamaza. Sisi wengi tumesoma hadi darasa la saba, tutajuaje mambo ya vita vya Wazungu? Ndipo katibu wetu akasema, "Hata jeshi lilikuwa na daftari. Tulitafute."

Na kweli daftari lipo. Kuna tume iliyoanzishwa Uingereza mwaka 1917 ya kutunza makaburi ya askari waliokufa katika vita vile viwili. Siku hizi inaitwa Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola. Majina waliyonayo ni kama milioni moja na laki saba, na tangu mwaka 1998 wameyaweka kwenye intaneti, mtu yeyote aweza kutafuta bila kulipa. Binti wa mwanachama wetu, aliyemaliza kidato cha nne, alitufungulia kwa simu yake. Akaandika jina la babu. Hakuna. Akaandika tena. Hakuna. Wengine wakaanza kusema, mnaona, alitoroka kweli.

Hapo ndipo tulipojifunza. Karani wa jeshi alikuwa mgeni. Aliandika jina kama sikio lake lilivyolisikia. Sisi Wakamba tukisema Musyoka, yeye aweza kuandika Mushoka, au Musioka. Nzioka ikawa Nzyoka. Mahali pengine jina la baba ndilo limewekwa mbele. Kwa hiyo ukikosa jina mara ya kwanza usikate tamaa, na usiseme mtu hayupo.

Tuliacha simu, tukarudi kwa wazee. Tulimwuliza yule mama, mkubwa wetu, kila kitu alichosikia kwa mamake. Alikumbuka mambo mawili. La kwanza, baba alikuwa wa mizinga, si wa bunduki. La pili, alituma salamu akiwa Mombasa kwamba wanangoja meli. Na akatoa sanduku la bati ambalo mamake alilificha miaka yote. Ndani ya kifuniko mtu alikuwa amekwaruza nambari kwa msumari. Hakuna aliyejua ni nambari ya nini. Watoto walikuwa wakichezea sanduku hilo!

Mwalimu mmoja hapa kwetu aliposikia mizinga na Mombasa, akatuambia habari ambayo wengi wetu hatukufundishwa shuleni. Mwezi wa Februari 1944 meli iitwayo Khedive Ismail ilitoka Mombasa kwenda Seilon, ambayo leo ni Sri Lanka. Ndani yake kulikuwa na askari wa mizinga wa Afrika Mashariki, Rejimenti ya 301. Tarehe 12 Februari, karibu na visiwa vya Maldivi, nyambizi ya Wajapani iliipiga. Meli ilizama kwa dakika chache tu. Watu zaidi ya 1,200 walikufa, na miongoni mwao walikuwamo wanawake zaidi ya 70, wengi wao wauguzi. Vijana wetu wengi walikuwa chini, ndani ya meli, hawakupata hata nafasi ya kupanda juu. Maji hayana kaburi. Majina yao yaliandikwa kwenye mnara ulioko katika makaburi ya vita ya Nairobi, barabara ya Ngong.

Basi yule binti akaacha kutafuta kwa jina. Akatafuta kwa tarehe ya kifo na kwa jina la mnara. Orodha ikatoka, ndefu. Tuliisoma mmoja mmoja jioni mbili, tukipokezana simu, miwani ya mweka hazina ikizunguka. Kila jina lilikuwa mtoto wa mtu. Jioni ya pili tukafika kwa jina linalofanana na letu lakini limepotoshwa herufi mbili. Tukaangalia nambari ya kazi. Tukaleta sanduku. Nambari ilikuwa ile ile, tarakimu kwa tarakimu.

Hatukupiga vigelegele. Tulikaa tu. Kisha mwenzetu akaenda nyumbani, akamwambia mamake, "Babu hakutoroka. Alikufa njiani."

Mkutano uliofuata tulibishana, hatuwezi kuwaficha. Wengine walisema mfuko wa jamii ni wa msiba na wagonjwa, si wa kwenda kutazama ukuta Nairobi. Lakini mwanachama wetu mkubwa kwa umri akauliza: "Na huu si msiba? Ni msiba uliokaa miaka themanini bila matanga." Tulipiga kura, tukatoa nauli. Tulimpeleka yule mama akishikwa mikono huku na huku. Pale ni pasafi, nyasi zimekatwa, bustani imetunzwa. Tulitafuta jina mpaka tukalipata. Haoni vizuri, kwa hiyo binti yake aliuchukua mkono wake akauweka juu ya herufi. Akazipapasa pole pole, kisha akasema, "Shikamoo, Baba." Hatukuweza kujizuia.

Shamba halikurudi, wala hatukulidai. Lakini mzee wa ukoo ule alikuja kwenye ibada tuliyofanya hapa nyumbani, akasimama mbele ya watu, akasema walimkosea mama yule. Neno mtoro limefutwa. Na sisi tunasema hilo ni gawio.

Tusidanganyane lakini. Si kila mtu atapata. Mwanachama mwingine alitafuta babu wa babake, aliyechukuliwa kubeba mizigo katika Vita vya Kwanza, 1914 hadi 1918, katika kikosi kile kilichotuachia jina la Kariokor. Hakumpata. Mwaka 2021 tume ile ile ilikiri kwa maandishi kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine hata 350,000, waliokufa katika vita hivyo hawakuandikwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Wengi wao ni wa Afrika Mashariki na Misri. Pale Kenyatta Avenue kuna sanamu tatu za kuwakumbuka, tangu mwaka 1928, lakini jina la mbebaji mmoja mmoja hulioni. Kwa hiyo mama, ukikosa jina la babu yako, ujue kosa si lake. Waliokuwa na kalamu hawakumhesabu.

Kwa wale watakaotaka kujaribu, tunawaachia maneno machache. Anza kwa wazee kabla ya simu, maana simu haizeeki lakini wazee wanaondoka. Uliza alifanya kazi gani, mwaka gani, aliondoka na nani, alituma salamu kutoka wapi. Tazama masanduku, vipande vya zamani, Biblia zilizoandikwa tarehe za ubatizo. Andika jina kwa njia zote ambazo mgeni angelisikia. Usikubali kwamba ni yeye mpaka mambo mawili au matatu yalingane, kwa maana majina yetu yanafanana. Yasiyo kwenye intaneti, Hifadhi ya Nyaraka za Taifa iko Moi Avenue, Nairobi, na mwananchi anaruhusiwa kwenda kusoma. Na mtu akikuambia umtumie pesa ili akupatie fidia ya babu yako, kimbia.

Jambo la mwisho. Katika madaftari yale yote tuliona majina ya wanaume. Yule bibi aliyengoja, akalima mawe, akalea mtoto peke yake, akaficha sanduku, hayumo katika orodha yoyote. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi tumeona kwamba hata watu ni hivyo. Ndiyo sababu mwishoni mwa kijitabu hiki tumeandika majina ya wanachama wote, walio hai na waliotangulia, na jina la mama wa kila mmoja. Wajukuu wetu wakija kututafuta, wasitukose.

Sasa chakula ki tayari, karibuni.